Palouse: vilima vilivyoletwa na upepo

Mgeni akifika Palouse huuliza: nani alilundika vilima vyote hivi? Upepo. Eneo hili la ngano liko mashariki mwa jimbo la Washington, Marekani, likiingia kidogo jimbo jirani la Idaho. Chini kabisa kuna mwamba mweusi wa volkano, na juu yake upepo wa kusini-magharibi ulimwaga vumbi la enzi za barafu, kidogo kidogo, hadi likawa vilima. Sisi watu wa udongo tunaliita loesi. Lisugue kwa vidole utadhani unga wa ngano.

Miteremko ni mikali, lakini haiachwi bila kulimwa. Zamani kombaini moja (mashine ya kuvuna na kupura ngano) ilikokotwa na farasi na nyumbu zaidi ya 30. Leo kombaini hujisawazisha: magurudumu yanafuata mteremko, bodi inabaki sawa, la sivyo ngano yote ingekimbilia upande mmoja wa chekeche na kumwagika. Ukiitazama kwa mbali unaona dereva kakaa wima kama yuko sebuleni, na ardhi imelala ubavu.

Naipenda mashine hiyo, ila ndiyo inayofanya hata pale pasipostahili kulimwa palimwe. Theluji ikiyeyuka juu ya ardhi iliyoganda, maji hayana pa kuzama. Yanateremka na udongo. Nikichimba kileleni nakuta udongo wa kahawia uliopauka. Nikishuka bondeni, koleo linazama lote na bado ni mweusi tii. Ule wa juu umehamia huku, na mwingine ulishakwenda na mto. Wengi sasa wanapanda moja kwa moja kwenye mabua bila kutifua, na inasaidia.

Ngano hupokezana shamba na adesi na dengu (dengu za Tanzania, Mkenya akisema ndengu anataka choroko). Mji wa Pullman hata una tamasha la adesi kila Agosti, na sufuria lake si la kuinuliwa na mtu mmoja.

Nyasi za asili hazifiki hata asilimia 1 ya zilizokuwepo. Zimebaki kwenye pembe zilizoshinda plau, na kwenye baadhi ya makaburi ya zamani. Udongo ninaoutamani zaidi kuupima uko chini ya nyasi hizo za makaburini, na nikifika huko koleo linabaki garini.