Majasusi wote chini ya ofisi moja: tunayoyasikia na yaliyo kweli

Kila kunapotokea shambulio au ghasia nchini, hapa Nakuru hakukosi mtu kwenye meza ya magazeti wa kusema: "Hawa makachero wangewekwa wote chini ya mkubwa mmoja, haya yangezuiwa." Kisumu na Kakamega nimesikia yayo hayo. Mfano unaotolewa ni Marekani, kwamba ilishambuliwa Septemba 11, 2001, ikaziunganisha idara zake, na tatizo likaisha. Jambo hili ni zito mno kuachiwa uvumi, hasa katika mji uliozika watu wengi mwaka 2008.

Dhana: Marekani iliunganisha idara zake za ujasusi zikawa moja.

Haikuziunganisha. Sheria aliyoitia saini Rais George W. Bush Desemba 17, 2004 iliunda ofisi ya Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, na John Negroponte akawa wa kwanza kuishika mwaka 2005. Idara zenyewe zilibaki, na leo zinahesabiwa 18. Tisa kati ya hizo zimo ndani ya Wizara ya Ulinzi, zikiwemo zinazonasa mawasiliano na zinazoendesha setilaiti za kijasusi. FBI, shirika la upelelezi wa ndani, iko chini ya Wizara ya Haki. Mkurugenzi huyo hupanga vipaumbele na kuandaa bajeti ya ujasusi wa kitaifa, lakini bajeti ya ujasusi wa kijeshi iko mikononi mwa Waziri wa Ulinzi, na sheria iliyomweka inasema wazi kuwa mamlaka ya wakuu wa wizara yasivunjwe.

Mwaka 2009 mipaka hiyo ilionekana. Dennis Blair, aliyekuwa na cheo hicho, alitaka awe na uwezo wa kuchagua mwakilishi mkuu wa ujasusi wa Marekani katika nchi za nje, nafasi ambayo kwa desturi ni ya mkuu wa CIA, shirika la ujasusi wa nje, katika nchi hiyo. Leon Panetta, mkuu wa CIA, akakataa. Ikulu ikakaa upande wa CIA, na Mei 2010 Blair akajiuzulu.

Dhana: kabla ya 2001 hawakuwa na mratibu.

Walikuwa naye tangu 1947. Mkuu wa CIA ndiye aliyekuwa pia mratibu wa idara zote kisheria. Desemba 1998, George Tenet, aliyekuwa na cheo hicho, aliandika waraka akisema wako vitani na mtandao wa kigaidi wa Osama bin Laden, na kwamba asibaniwe mtu wala pesa katika kazi hiyo. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilikuta kwamba waraka ule haukubadilisha mengi katika idara nyingine. Cheo kilikuwepo, amri ikatolewa, wenzake wakaendelea na shughuli zao.

Dhana: Septemba 11 ilifanikiwa kwa sababu idara zilikuwa nyingi.

Hapa ndipo ningependa msomaji asikimbie. Januari 2000, Khalid al-Mihdhar na Nawaf al-Hazmi, wawili kati ya watekaji wa ndege za siku ile, walihudhuria mkutano wa washukiwa wa ugaidi mjini Kuala Lumpur. CIA ilijua mkutano upo, na ilijua al-Mihdhar ana viza ya kuingia Marekani. Mwezi huo huo wawili hao wakatua Los Angeles. Machi, CIA ikapata habari kuwa al-Hazmi ameingia. Wakaishi San Diego kwa majina yao halisi. Jina la al-Hazmi lilikuwa hata kwenye kitabu cha simu cha mji huo. Kwa muda fulani walipanga chumba kwa mtu aliyekuwa mtoa habari wa FBI. Majina yao hayakutiwa kwenye orodha ya watu wa kuzuiwa mpaka mwishoni mwa Agosti 2001. Wiki chache baadaye walikuwa ndani ya ndege iliyogonga Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi.

Habari muhimu zaidi zilikuwa mikononi mwa idara moja, na zilikaa humo. Ndiyo, CIA na FBI zilinyimana taarifa, na hilo lilichangia sana. Lakini afisa anayepokea taarifa na asione ya kufanya nayo anaweza kukaa katika jengo lolote, liwe na mkubwa mmoja au kumi.

Ushahidi ulikuja baada ya ofisi mpya kuwepo. Novemba 2009, baba wa kijana Mnaijeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alikwenda mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Abuja kusema ana wasiwasi na mwanawe. Wakati huo kulikuwa na kituo kizima cha kuunganisha taarifa za ugaidi, chini ya Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa. Jina liliingizwa kwenye hifadhi kuu ya taarifa, lakini halikufika orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege. Viza haikufutwa. Siku ya Krismasi alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit akiwa na bomu kwenye chupi. Halikulipuka kama alivyokusudia, na abiria wakamkamata.

Dhana: Kenya tayari tuna ofisi moja, NIS, na ndiyo yenye jukumu lote.

NIS, idara ya taifa ya ujasusi, imetajwa katika Katiba ya 2010 pamoja na jeshi na polisi, kila kimoja chombo chake. Jeshi lina ujasusi wake. DCI, wapelelezi wa makosa ya jinai, wako chini ya polisi. Vyote hukutana juu, katika Baraza la Usalama wa Taifa linaloongozwa na Rais, na chini, katika kamati ya usalama ya kaunti. NIS hukusanya habari na kushauri. Kukamata si kazi yake: marekebisho ya 2014 yaliwaruhusu maafisa wake kumzuia mtu anayetenda kosa kubwa, lakini ni lazima wamkabidhi kwa polisi.

Dhana: mwaka 2008 tulishambuliana kwa kuwa hakuna aliyejua.

Hii inaniuma kuliko zote. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kati yao 744 walifia Bonde la Ufa na 134 Nyanza. Walionusurika Kaptembwo na Rhonda, mitaa ya hapa Nakuru, wanakumbuka mwisho wa Januari 2008, na uwanja wa maonyesho ulivyojaa mahema ya wakimbizi. Je, Serikali haikujua? Tume ilikuta kwamba majasusi walikuwa wameonya kuwa ghasia zinakuja. Ripoti ziliandikwa na zikapelekwa. Polisi na utawala wa mkoa hawakuzifanyia kazi ipasavyo. Mjini Kisumu wengi wa waliokufa walipigwa risasi, na ofisi kuu ya ujasusi isingemzuia askari mmoja kufyatua.

Anayesema umoja wa majasusi ungetuokoa anatafuta tatizo mahali ambapo Tume haikulikuta.

Dhana: kuweka kila kitu chini ya ofisi moja hakuna hasara.

Sisi tulishafanya hivyo. Special Branch, idara ya ujasusi ya Kenya ya zamani, ambayo mwaka 1986 ilibadilishwa jina, ilikuwa inapeleleza, inakamata na kuhoji, yote chini ya dari moja. Dari hiyo kwa wengi ilikuwa vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, ambako watu walifungiwa gizani katika maji wakishukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali. Wamo wahadhiri, wanafunzi na wakulima. Mahakama Kuu imewapa baadhi yao fidia. Sheria ya 1998 iliyounda NSIS, mtangulizi wa NIS, iliwanyang'anya majasusi uwezo wa kukamata kwa sababu ya historia hiyo.

Afrika Kusini nayo mwaka 2009, chini ya Jacob Zuma, iliunganisha ujasusi wa ndani na wa nje kuwa shirika moja, SSA. Jopo lililoongozwa na Sydney Mufamadi lilikuta mwaka 2018 kwamba shirika hilo limetumika katika siasa za ndani ya chama tawala, na fedha zake kutumiwa vibaya. Likapendekeza ligawanywe, na mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa akatia saini sheria ya kulitenganisha tena, ujasusi wa ndani kando na wa nje kando.