Kupanga upya ukurasa: kinachoikwamisha simu

Upangaji, katika utengenezaji wa tovuti, ni hesabu ambayo kivinjari hufanya ili kujua kila kitu cha ukurasa kikae wapi na kiwe na upana na kimo gani, kabla ya kukichora kwenye kioo. Kitu kimoja kikibadilika kimo, vilivyo chini yake husogea na hesabu hurudiwa. Huko ndiko kupanga upya.

Simu nyingi huonyesha picha mpya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kazi yote ya kuandaa picha moja, upangaji ukiwemo, haina budi kumalizika ndani ya milisekunde 16.7 hivi. Ikipitiliza, picha hiyo hurukwa, na orodha huonekana ikikwama-kwama chini ya kidole. Kompyuta nzuri ya ofisini Posta huficha kosa ambalo simu ya bei nafuu ya Kariakoo hulianika.

Tuchukue ukurasa wenye vituo vya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Msimbo unauliza kimo cha mstari wa Shekilango kupitia offsetHeight (amri ya kusoma kimo cha kitu), unaubadilisha, kisha unauliza kimo cha mstari wa Manzese, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa njia. Kwa kawaida kivinjari hulimbikiza mabadiliko na kuyapigia hesabu kwa mkupuo mmoja, lakini hapa kila swali linakuja wakati mpangilio wa awali umekwisha kuvurugwa, nacho hakiwezi kutoa jibu la kweli bila kupanga upya papo hapo. Mistari ishirini huzaa hesabu karibu ishirini. Ukisoma vimo vyote kwanza, ndipo ukaandika mabadiliko yote, hesabu hushuka hadi moja au mbili, bila kupunguza hata kituo kimoja.

Wengi hukimbilia kubana faili za picha zilizomo ukurasani. Hilo huokoa bando, ila haligusi kasoro hii. Menyu inayoteleza nayo isogezwe kwa transform (agizo la kuhamisha kitu kilichokwisha kupangwa), si kwa left (agizo la kubadilisha nafasi yake kutoka kushoto), maana transform haidai upangaji.

Programu za Android zina ugonjwa unaofanana na huu: LinearLayout (kisanduku kinachopanga vitu kwa mstari) inayogawa nafasi kwa layout_weight (uwiano wa nafasi ya kila kitu) huweza kupima kilichomo mara mbili, na zikipachikwa moja ndani ya nyingine tabaka 4, kitu cha ndani kabisa huweza kupimwa mara 16.

Katika zana za watengenezaji za kivinjari cha Chrome, kazi ya kupanga ukurasa huonekana kwa rangi ya zambarau kwenye rekodi ya utendaji, nayo irekodiwe simu yenyewe ikiwa imeunganishwa kwa waya.