Kuongoza kaunti nyingi si kushinda urais

Wapo nchini Kenya wanaoamini kwamba mgombea anayeongoza katika kaunti nyingi kati ya 47 ndiye rais. Imani hiyo inaeleweka: kwenye ramani za rangi za runinga, Marsabit yenye watu wachache huimeza Nairobi. Ila Katiba, Ibara ya 138(4), inadai zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Si lazima kuzishinda hizo 24. Hata aliyeshika nafasi ya pili huko, akifikisha 25, kaunti inahesabika kwake.

Ukitaka kuhakiki hesabu ya kura, ipige picha Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo cha kupigia kura, iliyobandikwa kituoni, kisha ilinganishe na mstari wa kituo hicho kwenye 34B, fomu inayojumlisha matokeo ya vituo vyote vya eneo bunge. Tarakimu zikigeuzwa, 216 ikaandikwa 261, utaziona hapo.