Je, wajua kwa nini bunduki za AK-47 na G3 zote ni 7.62 lakini haziwezi kuazimana risasi?

Hii mabishano iko kila steji hapa Kenya, Kondele kule Kisumu iko, Gilgil karibu na kambi za jeshi ndo usiseme. Mtu anakuambia G3 ya polisi ni 7.62, AK-47 ya wezi wa mifugo pia ni 7.62, so risasi ni moja, mmoja akiishiwa anaokota za mwenzake. Hapana, haiwezekani.

Hiyo 7.62 ni milimita, inapima upana wa ndani ya mtutu peke yake, urefu haisemi kitu. Ndo maana wenye kujua huongeza namba ya pili: AK ni 7.62×39, G3 ni 7.62×51, na hiyo ya pili ni urefu wa ganda, ile sehemu inabeba baruti. Risasi nzima ya AK ina kama milimita 56, ya G3 ni 71, sasa hiyo utaiingiza vipi kwa magazini (kile kisanduku cha risasi) ya AK? Na ganda refu linabeba baruti mingi, so ya G3 inatoka na nguvu ya kama jouli 3,300, ya AK kama 2,000.

Sasa mbona namba zikafanana? Ni mambo ya inchi. 7.62 ni inchi 0.3 kamili. Warusi walitoa bunduki yao ya Mosin 1891 wakiupima mtutu kwa "mistari", mstari mmoja ni sehemu ya kumi ya inchi, yao ilikuwa mitatu. Wamarekani nao walikuwa na zao za inchi 0.30. Kila mtu akabaki na upana aliozoea, Wasovieti wakatoa risasi yao fupi 1943, NATO, muungano wa kijeshi wa Wamarekani na wenzao, wakapitisha ile ndefu 1954. Bastola pia ni hivyo, Makarov ni 9×18, hizi Ceska za polisi 9×19, na zote watu wanaziita 9mm tu.

Kitu ingine, na hii inaniuma sana nikisikiza habari, ni kusema "risasi tatu zimeokotwa" kumbe ni maganda. Jamani hizo ni vitu tofauti! Kichwa, ile ncha ya mbele, ndicho kinaruka mpaka kigonge mtu ama ukuta, ganda linatupwa kando ya bunduki, so ganda linasaidia kuonyesha mpigaji alisimama karibu na wapi. Pale chini huwa na alama ya kiwanda, mara nyingi na mwaka (sisi kiwanda chetu cha risasi kiko Eldoret), pamoja na shimo dogo liliachwa na pini ya bunduki ikigonga ganda, na hapo ndo wapelelezi hulinganisha ganda na bunduki.

Lakini ukipata kichwa bado kimekaa kwa ganda, hiyo haijalipuka. Usiibebe, usiipeleke kwa jua kali ama moto, weka watoto mbali uite polisi, juu hata moja tu bila leseni ni kesi.