Malaika mkuu ni mkuu wa nani?

Kila inapokaribia tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, husambaa mahubiri na jumbe za WhatsApp zinazodai kwamba neno la Kigiriki arkhangelos maana yake ni "malaika aliye juu ya viumbe wote wa mbinguni". Wengine huongeza kwamba maserafi na makerubi wako chini ya amri yake, na kwamba Lusifa naye aliwahi kuwa mmoja wa malaika wakuu. Hayo yote hayamo ndani ya neno.

Maana yake ni fupi. Angelos ni mjumbe, aliyetumwa. Arkhi- ni kiambishi cha ukuu. Arkhangelos basi ni mjumbe mkuu, na Biblia ya Kiswahili imelitafsiri sawasawa iliposema "malaika mkuu".

Tatizo huanzia kwenye angelos, kwa sababu Wagiriki hawakulitumia kwa viumbe wa mbinguni peke yao. Wale watu ambao Yohana Mbatizaji aliwatuma kwa Yesu wanaitwa angeloi katika Luka 7:24, na wale ambao Yesu aliwatuma wamtangulie Samaria, katika Luka 9:52, wanaitwa hivyo hivyo. Walikuwa watu wa nyama na damu. Kiebrania nacho kina mal'akh, mjumbe, awe mtu au wa mbinguni, na neno letu malaika, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni la ukoo huo huo wa kutumwa. (Kwa Kiarabu malaika ni wingi, mmoja ni malak. Sisi tumelichukua kwa wote, mmoja na wengi.) Hata Injili imebeba jamaa wa angelos: ni euangelion, habari njema, iliyotufikia kupitia Kiarabu. Ndiyo maana Agustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alifundisha kwamba malaika ni jina la kazi, si jina la asili. Ukiuliza viumbe hao ni nini, ni roho. Ukiuliza wanafanya nini, hapo ndipo wanaitwa malaika.

Sasa arkhi-. Mzizi wake, arkhe, una maana mbili zinazokaa pamoja: mwanzo, na utawala. Anayetangulia ndiye anayeongoza. Lakini kiambishi hiki huweka ukuu ndani ya kundi linalotajwa, hakivuki mpaka wa kundi hilo. Mfano mzuri ni Zakayo. Luka 19:2 inamwita arkhitelones, mkubwa katika watoza ushuru. Hakuna msomaji anayedhani kwamba kwa cheo hicho Zakayo alikuwa juu ya liwali wa Kirumi au juu ya Kaisari. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, basi. Kwenye arusi ya Kana yupo arkhitriklinos, mkuu wa meza, naye hakuwa mwenye arusi. Kwa kipimo hicho, arkhangelos ni mkuu kati ya wajumbe. Kama kuna viumbe wa mbinguni ambao kazi yao si ujumbe, neno hili halisemi lolote juu yao.

Na wapo. Maserafi wa Isaya 6 wanasimama juu ya kiti cha enzi wakiitikizana "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Makerubi wanalinda njia ya mti wa uzima katika Mwanzo 3:24. Majina yao ni ya Kiebrania, na hakuna mahali Biblia inapowaita malaika wakuu. Mwandishi ajulikanaye kama Dionisio Mwareopago, aliyeandika kwa Kigiriki mnamo mwisho wa karne ya 5 au mwanzo wa karne ya 6, alipopanga jeshi la mbinguni katika ngazi tisa, aliwaweka maserafi juu kabisa, wakifuatwa na makerubi na viti vya enzi. Malaika wakuu aliwaweka ngazi ya nane, wakiwa na malaika wa kawaida tu chini yao. Na huyu ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa neno hierarkhia, lenye arkhe ndani yake! Mpangilio wake si Maandiko, na mtu ana haki ya kuukataa. Lakini uliongoza fikra za Kanisa kwa karne nyingi. Papa Gregori Mkuu alieleza tofauti hiyo kwa sentensi moja: wanaotangaza mambo madogo huitwa malaika, wanaotangaza makubwa huitwa malaika wakuu. Ni ukuu wa ujumbe.

Inashangaza pia jinsi neno lenyewe lilivyo haba. Katika Agano Jipya limo mara mbili tu: 1 Wathesalonike 4:16, bila jina la mtu, na Yuda 9, kwa Mikaeli. Katika Danieli 10:13 Mikaeli ni mmoja wa wakuu wa mbele, na tafsiri ya kale ya Kigiriki pale hutumia arkhon, mtawala, ndugu wa arkhe. Waadventista na Mashahidi wa Yehova husisitiza kwamba neno hili halina wingi katika Biblia, na kwao Mikaeli ni jina la Kristo. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, ila sarufi peke yake haiibebi. Arkhiereus, kuhani mkuu, alikuwa mmoja, lakini Injili zinataja "wakuu wa makuhani" kwa neno hilo hilo katika wingi. Nje ya kanuni ya wengi, yaani orodha ya vitabu ambavyo makanisa mengi huvihesabu kuwa Biblia, Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko, kina orodha ya saba katika sura ya 20, na nakala yake ya Kigiriki inawaita malaika wakuu.

Kuhusu Lusifa nitasema kidogo. Isaya 14, ambako jina hilo lilitolewa, inamwimbia mfalme wa Babeli, na Ezekieli 28, inayotumiwa sana hapa, inasema kerubi. Malaika mkuu hatajwi katika sura zote mbili.

Basi mhubiri akimwita Gabrieli malaika mkuu, hajakosea. Amefuata mapokeo ya zamani sana, ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi pia. Ninachomwomba ni kubadili maneno mawili: pale anaposema "Biblia inamwita malaika mkuu", aseme "Kanisa linamwita". Luka anamwita malaika tu, na Gabrieli mwenyewe katika 1:19 anasema kwamba anasimama mbele za Mungu na kwamba ametumwa. Rafaeli naye, katika Tobiti 12:15, kitabu kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki, anajitaja kuwa mmoja wa malaika saba, bila kutaja cheo kingine. Na akifika kwa maserafi, awaache walipo, juu ya kiti cha enzi, bila kuwapa jemadari ambaye Isaya hakumwona.