Mlango wa Malagarasi: shika milima, usishike ufukwe

Ukitoka Kigoma kwa boti kuelekea kusini kwenye Ziwa Tanganyika, unazunguka rasi ya Bangwe, unaipita Ujiji, kisha nchi inalala chini, imejaa matete. Hapo ni delta ya mto Luiche, usidhani umefika. Mlango wa mto Malagarasi uko mbele zaidi, upande wa Ilagala, na utaujua kwanza kwa rangi: maji ya kahawia yameingia ndani ya buluu ya ziwa.

Deltani sitegemei alama yoyote ya ufukweni. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kama bahari. Hupanda kwa mvua hadi karibu na Mei, hushuka hadi Oktoba au Novemba, na tofauti yake ni karibu na mita moja tu. Kwenye kilindi cha mita 1,470 hiyo si kitu. Kwenye delta tambarare inatosha kufunga njia uliyopita juzi, na mto nao kila masika unahamisha mchanga wake. Kwa hiyo alama ninazozishika ni vilima vya nyuma ya Ilagala na Rasi ya Kabogo kule kusini. Hivyo havihami.

Kusi ikivuma, Mei hadi Agosti, mawimbi huvunjikia juu ya fungu la mchanga mlangoni na kuacha mstari mweupe. Tafuta mahali mstari huo unapokatika. Punguza mashine, weka mtu omoni, mbele ya boti, apime kina kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, maana tope linaficha chini na jicho halitakusaidia. Ukishaingia, fuata upande wa nje wa kila kona, ndiko mkondo unakochimba. Masika, angalia magogo. Viboko, wakati wote.

Mwishoni mwa Desemba 1871 Livingstone na Stanley walipita pwani hii kwa mitumbwi wakitoka Ujiji. Ufukwe waliouona si huu wetu. Wakati huo mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ambao ndio unaotoa maji ziwani, ulikuwa umezibwa na ziwa lilikuwa limejaa. Karibu na 1878 kizuizi kilipasuka, na kabla ya karne kwisha maji yakashuka takriban mita 10. Ndiyo maana Ujiji, iliyokuwa bandari kubwa ya misafara, ikaachwa na maji, na Wajerumani walipoleta reli mwaka 1914 wakaimalizia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina. Tangu 2020 hivi ziwa limepanda tena, likaingia kwenye mialo na nyumba za watu wetu.

Siku hizi vijana wananionyesha njia waliyoihifadhi kwenye simu. Nawaomba waiangalie tarehe yake kwanza. Njia ya kabla ya masika iliyopita inaweza kukupandisha moja kwa moja juu ya fungu, boti ikiwa imejaa abiria.