Majibu yakifanana mara mbili, je, hojaji imepima kweli?

Nikiletewa hojaji ya shughuli za mwili inayosifiwa kuwa inaaminika, jambo la kwanza ninalouliza ni hili: watu walihojiwa tena baada ya muda gani?

Kwa kawaida, uthabiti, yaani majibu kutobadilika ovyo, hupimwa kwa kuwauliza watu wazima walewale maswali yaleyale mara mbili. Ukirudi kesho yake, wengi watakariri walichokujibu jana. Hapo umepima kumbukumbu tu. Ukirudi baada ya miezi mitatu, huenda mtu amebadili kazi au ameugua, na majibu yakatofautiana kwa sababu maisha yenyewe yamebadilika. Ugumu unazidi kwa hojaji kama IPAQ, hojaji ya kimataifa ya shughuli za mwili, inayouliza kuhusu siku 7 zilizopita: ukiirudia wiki moja baadaye, unauliza habari za wiki nyingine kabisa. GPAQ ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 16, huuliza kuhusu wiki ya kawaida. Hilo linasaidia, ila linamtwisha mhojiwa kazi ya kukokotoa wastani kichwani, na wapo ambao kazi zao hazina wiki ya kawaida. Mazoezi makali, kwa kuwa hupangiwa muda, hukumbukwa vizuri zaidi. Kutembea huku na kule ndiko kunakosahaulika.

Kisha natazama hesabu iliyotumika. Tuseme watu watano walitaja dakika zao za mazoezi kwa wiki kuwa 30, 60, 90, 120 na 150, na mara ya pili kila mmoja akaongeza 60. Uwiano wa Pearson au wa Spearman, unaotazama tu kama namba za mara mbili hizo zinapanda na kushuka pamoja, utatoa 1, alama ya juu kabisa, ilhali hakuna hata mmoja aliyerudia jibu lake! Ndiyo maana nadai kipimo cha ICC (namba inayoonyesha jinsi majibu ya mtu yuleyule yanavyokaribiana), cha aina inayotaka majibu yalingane kwa kiasi, si kwa mpangilio tu, pamoja na mchoro wa Bland na Altman unaoanika tofauti ya kila mtu. Aghalabu mchoro huo huonyesha kwamba wanaotaja dakika nyingi ndio wanaoyumba zaidi.

Hata hivyo, mtu anaweza kutia chumvi kwa kiwango kilekile kila anapoulizwa. IPAQ ilijaribiwa katika nchi 12 mwaka 2000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha uthabiti wa takriban 0.8, lakini uwiano wake na akselerometa, kifaa cha kuvaa kiunoni kinachonasa mtikisiko wa mwili, ulikuwa karibu 0.3 tu. Lawama zote zisiangukie hojaji, maana kifaa hicho nacho hakinasi vizuri uendeshaji wa baiskeli wala uzito wa mzigo uliobebwa.

Kwa kulinganisha makundi makubwa ya watu, hojaji naitumia. Kumwambia mtu mmoja kwamba amefikisha dakika 150 za wiki zinazopendekezwa, siitumii.